MP3, simu, redio ya spika au diktafoni: kipi kinafaa kunasa sauti hapa Lubumbashi?

Kambo wangu, yaani bibi yangu, ndiye aliyenifanya nianze kutafuta kifaa. Ni mama wa Kikasai. Aliletwa Lubumbashi akiwa mgongoni mwa mama yake, baba amefuata kazi ya Union Minière, na mpaka leo kwenye kilio cha mtu wa ukoo huinuka na kuimba kasala: majina ya mababu, sifa zao, mito waliyovuka, nani kamzaa nani. Dakika 20 nzima, hana karatasi mkononi. Umri wake ni miaka 83. Nilitaka sauti hiyo ibaki nyumbani.

Kwa mwaka mzima nimejaribu vifaa vya aina nne. Viwili ni vyangu, kimoja ni cha mama, kimoja niliazimwa na rafiki anayesoma UNILU, chuo kikuu chetu cha Lubumbashi. Nitavilinganisha kwa jinsi vilivyofanya kazi mikononi mwangu, kwa sababu nimeshaulizwa mara nyingi kanisani na mtaani: ninunue kipi?

Neno langu la kwanza, kabla hujaingia dukani: usikichague kifaa kwa mdomo wake, kichague kwa sikio lake. Muuzaji wa soko la Kenya (naongelea komini yetu ya Kenya, si nchi) atakuwekea wimbo, atapandisha sauti hadi mwisho, na wewe utatikisa kichwa. Lakini wimbo ule upo kila mahali. Ukiupoteza leo, kesho utaupata kwa jirani. Habari za redio zitarudiwa jioni. Sauti ya kambo wako haiko kwa jirani. Kwa hiyo mwambie muuzaji azime muziki, bonyeza kitufe cha kurekodi, ongea kwa dakika moja, kisha sikiliza ulichonasa kwa visikizi. Ukifanya hivyo kwa vifaa vitatu mfululizo utajua zaidi ya yote yaliyoandikwa kwenye boksi.

VIFAA VYENYEWE

MP3 ninayoiongelea ni ile ndogo, kubwa kidogo kuliko kiberiti, yenye kioo kidogo, redio ya FM na kitufe cha kurekodi ubavuni. Zipo zenye jina, kama zile za SanDisk na Sony, na zipo zisizo na jina ambazo ndizo nyingi sokoni. Yangu haina jina. Nilitoa dola 13 baada ya kuvutana. Kabla ya kununua hakikisha maneno matatu: inacheza, inarekodi, ina redio. Siku hizi kuna nyingi zinazofanana kwa sura lakini hazina maikrofoni kabisa.

Simu unaijua. Redio ya spika ni ile ya mama jikoni: ina antena ya kuvuta, tochi, tundu la USB na la kadi. Diktafoni ni kinasa sauti chenyewe, kifaa kilichozaliwa kwa kazi hiyo, cha waandishi wa habari na wanafunzi wanaofanya utafiti.

KUREKODI

Nianze na simu, kwa sababu wengi wataniambia "si ninayo tayari?" Ni kweli, na simu nyingi za Android za sasa zinanasa mazungumzo kwa usafi kuliko MP3 ya bei ndogo. Nasema hivyo ingawa moyo wangu uko kwa MP3. Shida ya simu ni kwamba sikio lake limefundishwa maongezi. Ndani yake kuna programu inayopunguza kelele, na programu hiyo, ikisikia sauti iliyovutwa muda mrefu au ngoma isiyokatika, huidhania kelele na kuibana. Nilipomrekodi kambo kwa simu, sauti ilikuwa inapanda na kuzama kama mtu anafungua na kufunga mlango.

Halafu simu inaitwa. Siku hiyo kambo alikuwa ameshafika kwa babu wa tano, sauti imeshika njia, mikono inacheza. Yaya, mkubwa wangu, akapiga kuuliza kama unga wa bukari (ugali) unatosha wageni. Rekodi ikakatika palepale. Niliporudi, kambo alikuwa amenyamaza na kuvuta kitenge chake. Kasala haianziwi katikati. Ukilazimika kutumia simu, iweke kwanza kwenye hali ya ndege. Nami sikuwa nimeiweka.

Na kama simu yako ni ya vitufe, ya zamani, angalia faili inaishia na herufi gani. Ikiwa ni AMR, ujue simu imenasa sauti kama ya kupigiana tu: kila kilicho juu ya hezi 4,000 hivi kimekatwa. Utasikia mtu anaongea, utamtambua, lakini "s" na "f" zitakuchanganya. Kwa jina la babu usiyemfahamu, herufi moja ni mtu mwingine.

MP3 sasa. Maikrofoni yake ni tundu dogo kama la sindano. Ukikishika kifaa mkononi, kila kidole kinachosogea kinasikika kama mtu anaburuta gunia. Dawa ni rahisi: kunja kitambaa mara nne, kiweke juu ya kiti au stuli, laza MP3 juu yake, tundu limwelekee anayesema, umbali wa sentimita 30 hivi, kisha ondoa mkono. Nje kwenye upepo, funika tundu kwa kipande cha sponji laini. Sauti hubadilika mara moja.

Udhaifu wake mkubwa ni kwamba inajipimia sauti yenyewe. Mtu akinyamaza, kifaa kinaongeza nguvu ya kusikia, na unasikia mvumo kama wa maji. Kwaya ikiinuka ghafla, kinashtuka na kubana. Kwa hadithi ya mtu mmoja chumbani haisumbui. Kwa kwaya ya watu 30 na ngoma, inaumiza. Nilijaribu Jumapili moja nikiwa mstari wa mbele, besi zote zikatoka zimepasuka. Jumapili iliyofuata nikarudi nyuma hadi benchi la mwisho, ikawa afadhali, ila mwangwi ukaingia.

Kosa lililoniuma zaidi halikutoka kwenye maikrofoni. Ilikuwa mara ya pili ya kambo. MP3 ilirekodi dakika 40, betri ikaisha kabla sijabonyeza kusimamisha. Nilipoichaji, nikakuta faili ina jina na namba, lakini ukubwa wake ni sifuri. Vifaa vingi hufunga faili mwishoni tu, unapobonyeza kusimamisha. Umeme ukikata kabla ya hapo, yaliyomo yanakosa kichwa cha kuyatambulisha. Tangu siku hiyo nasimamisha na kuanza upya kila baada ya dakika 10 au 15, kambo anapokunywa maji. Afadhali vipande vinne kuliko kizima kilichokufa.

Ninachoipendea MP3 juu ya simu ni kitu kidogo ambacho sikukitarajia. Wazee hawaiogopi. Simu ikiwekwa mbele ya kambo, anaitazama, anaongea nayo kwa sauti ya mtu anayeongea na mtoto aliye mbali. MP3 haina uso. Baada ya dakika mbili anaisahau, na hapo ndipo maneno yake halisi yanapotoka.

Diktafoni ni daraja lingine, na sitaficha. Niliyoazimwa ilikuwa Zoom H1n, yenye maikrofoni mbili zilizopishana juu kama mikono, na gurudumu la kupima sauti kwa mkono. Unamwambia mwimbaji atoe sauti yake ya juu kabisa, unaangalia kipimo kwenye kioo, unarudisha hadi vilele viguse karibu na desibeli 12 chini ya sifuri, kisha huigusi tena. Sauti iliyopasuka haitengenezeki baadaye. Iliyo chini kidogo inaweza kuinuliwa. Rekodi ya kwaya yetu kwa kifaa hicho, unamsikia mama wa alto kulia na mwimbaji wa tenor kushoto, kila mmoja mahali pake. Lakini H1n haina redio, na kusikilizia nyimbo njiani si kazi yake. Ni kifaa cha kazi moja.

Redio ya spika, kwa kurekodi, iache. Nyingi hazirekodi kabisa, na zile zinazorekodi kwenye USB zina maikrofoni iliyowekwa kama nyongeza.

Mwaka 1952 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alifika Jadotville, Likasi ya leo, na mashine yake ya kurekodi, akamkuta kijana anayepiga gitaa, Mwenda Jean Bosco. Vidole vile vilinaswa, na hadi leo wapiga gitaa wa Ulaya na Marekani wanakaa wakijifunza kuvifuata. Likasi ni kilomita kama 120 tu kutoka hapa. Nawaza ni wangapi waliokuwa wakipiga uzuri ule mtaa wa pili, wiki ile ile, na hakuna aliyepita na mashine. Sisi leo tunayo kwenye mfuko wa shati.

REDIO

Kwenye redio MP3 inashindana vizuri na simu, na mara nyingi inaishinda, kwa sababu simu nyingi mpya hazina FM tena. iPhone haijawahi kuwa nayo. Ukisikiliza redio kwa intaneti, unakula mega. MP3 hailipi chochote.

Jambo ambalo wauzaji hawaelezi: waya wa visikizi ndio antena. Mawimbi ya FM yako kati ya megahezi 87.5 na 108. Wimbi la megahezi 100 lina urefu wa mita 3, na robo yake ni sentimita 75, urefu ambao waya wa ekuteri (visikizi) zako unaufikia. Ukiukunja na kuufunga fundo, redio inakoroma. Unyooshe, simama karibu na dirisha, maana bati la paa linazuia. Na visikizi vya bluetooth, hata viwe vya bei gani, havina waya, kwa hiyo haviwezi kuwa antena. Ukinunua MP3 isiyo na tundu la jeki, redio yake itakuwa dhaifu.

Kitu kizuri kabisa cha MP3 ni kurekodi redio yenyewe kutoka ndani, bila kelele za nyumba. Radio Okapi, inayorusha tangu 2002 kwa Kifaransa na lugha zetu nne, au RFI Kiswahili iliyoanza 2010, unabonyeza kitufe na habari inaingia kwenye kumbukumbu. Mama yuko sokoni asubuhi. Nanasa habari za asubuhi, anasikiliza usiku akimenya mihogo. Saa moja ya MP3 ya kilobiti 128 ni karibu MB 58. Haijazi kitu.

Lakini ukitoka mjini, hadithi inageuka. FM husafiri kama macho: kilima kikisimama mbele, imekwisha. Mjomba wangu yuko upande wa Pweto, na huko MP3 yangu ilikuwa kimya toka mwanzo wa bendi hadi mwisho. Redio ya spika ya mama ina bendi ya AM na ya mawimbi mafupi, ambayo hupaa, hugonga anga za juu na kurudi chini mbali sana. Usiku ilishika vituo kutoka nchi nyingine, vingine kwa Kiswahili. Mtu wa kijijini akiniuliza, sitamwuzia sifa za MP3. Anunue redio yenye mawimbi mafupi.

MUZIKI

Hapa sina mengi. Zote zinacheza. MP3 ina faida moja: ukijaza nyimbo, hakuna ujumbe unaoingia kukukatiza, na simu inabaki na betri yake kwa ajili ya simu. Redio ya spika inasikilizwa na familia nzima, jambo ambalo visikizi haviwezi.

BETRI NA DELESTAJI (MGAO WA UMEME)

Kwa mtu wa Katuba au Ruashi, ambako umeme unaweza kukosekana siku nzima, swali la betri ni zito kuliko swali la sauti. MP3 ina betri ndogo ya lithiamu iliyofungwa ndani. Inajaa upesi, hata kwa sola ndogo au kwa kebo ya mtu dukani, lakini ikizeeka hubadilishi. Baada ya miaka michache inashika chaji ya saa mbili na safari imeisha. Usiiache sandukuni ikiwa imeisha kabisa kwa miezi, iache nusu.

Diktafoni nyingi zinakula betri za kawaida. H1n inataka AAA mbili na inafanya kazi kama saa 10. Betri hizo zinapatikana kila kioski, hata Kasumbalesa usiku. Kwenye kilio kinachokesha, hilo ni la thamani: ukiishiwa, unabadilisha kwa nusu dakika na kuendelea. Nimekwisha kueleza kilichonipata na betri ya ndani. Lakini chagua betri nzito, za alkali. Zile nyepesi za bei ya chini zinakufa ukiwa bado unajipanga.

KADI

Hapa watu wengi wanaumizwa. MP3 ndogo nyingi zinasoma kadi hadi GB 32 tu, iliyofomatiwa kwa FAT32. Kadi ya GB 64 na kuendelea huja na mfumo mwingine, exFAT, na kifaa kitaandika kwamba hakuna kadi. Wengi wanarudisha MP3 dukani wakidhani ni mbovu.

Mbaya zaidi ni kadi za uongo. Imeandikwa 64, kompyuta inaonyesha 64, ndani ni 8. Inapokea nyimbo zote, kisha zile za baada ya GB 8 hazifunguki, au zinafuta zile za mwanzo. Nilinunua moja kwa kijana anayetembeza barabarani. Kabla ya kuiamini kadi kwa sauti ya mtu, ijaze yote kwa kompyuta, kisha nakili vyote kurudi na ufungue faili za mwisho. Zikifunguka, kadi ni ya kweli.

Ukubwa wenyewe si tatizo. Rekodi ya WAV, faili la sauti isiyobanwa, ya ubora wa CD inakula MB 10 kwa dakika, kwa hiyo GB 8 inatosha saa 12 hivi. Faili la aina ya MP3, lililobanwa, linakula MB 1, saa zaidi ya 130. Kwa kasala natumia WAV kifaa kikiruhusu. Kwa mahubiri na habari, faili la MP3 linatosha kabisa.

Ukimtumia ndugu wa Mbuji-Mayi kwa WhatsApp, usiicheze na kuirekodi upya kama ujumbe wa sauti. Itume kama dokima (faili, "Document"), ifike ilivyo. Na weka nakala mbili, mahali pawili, nyumba mbili kama inawezekana.

Jambo jingine: MP3 za bei ndogo hazijui tarehe. Faili zote zinaitwa REC001, REC002, na mwaka ulioandikwa ni wa uongo. Kwa hiyo mimi husema mwenyewe kabla mzee hajaanza: "Leo ni tarehe fulani, tuko Kamalondo kwa mama fulani, anayeimba ni fulani binti fulani." Sekunde 10. Mtoto atakayeisikiliza baada ya miaka 40 hatakuwa na mtu wa kumuuliza.

BASI NINUNUE KIPI?

Kama wewe ni mwalimu wa kwaya, au unakusanya hadithi za wazee kwa kazi ya chuo, jibane ununue diktafoni, hata ya mkono wa pili. Mkichanga watu sita inawezekana, na kwaya nzima inaitumia. Kama pesa ni ndogo na unataka kifaa kimoja cha njiani, cha redio, cha masomo ya kurudia na cha kumnasa mzazi wako jioni, nunua MP3 yenye kurekodi na redio, yenye jeki, na kadi uliyoipima. Kama una simu nzuri na huna dola 13, usisubiri: hali ya ndege, kitambaa juu ya kiti, anza leo. Mzee hasubiri bei ishuke.

Na omba ruhusa. Kasala ya kilioni ni ya wafiwa. Mimi huenda kwa mkubwa wa familia kwanza, nasema nataka kunasa nini na nani atasikia, na mwimbaji simwendei mikono mitupu.

Kambo tulimrekodi mara ya tatu, nyumbani, mchana, MP3 ya dola 13 juu ya kitenge kilichokunjwa, kila dakika 10 nikisimamisha. Tulipomaliza nilimwekea kisikizi kimoja sikioni, kingine nikabaki nacho. Alisikiliza amefumba macho, kidole kinahesabu mababu kwenye goti. Kwenye wa saba kidole kikasimama. Akafumbua macho, akanishika mkono.

"Hapo nimemruka mama yake," akasema. "Kamata tena."

Nikabonyeza kitufe.